Maua ya bluu kutoka Uporoto: uchambuzi wa kisa cha kikundi kilichoanza kutia rangi maua ya kukata

Kisa hiki kimeandikwa kwa ridhaa ya kikundi chenyewe. Nimeondoa jina la kikundi, la kijiji na la kata, na watu nimewataja kwa kazi zao. Bei nimezizungusha kidogo, ila uwiano wake ni uleule uliomo kwenye daftari lao. Mimi nilihusika kama mshauri wa biashara ndogo za kilimo, kuanzia walipokwama kwenye jaribio la kwanza. Nimeamua kukiandika kwa kirefu kwa sababu watu wengi wa Mbeya, Njombe na Iringa wanaona maua ya rangi za ajabu kwenye simu na kudhani ni suala la kununua rangi na kuitia kwenye ndoo.

Usuli

Kikundi kiko kwenye miinuko ya Uporoto, upande wa Mbeya unaoelekea Tukuyu. Ni akina mama waliokuwa wakilima viazi mviringo, na baadhi yao pareto. Maua waliyaanza pembezoni mwa bustani za mboga: krisanthemamu nyeupe, karnesheni, na yale mayungiyungi meupe yenye umbo la tarumbeta yanayojiotea kwenye mabonde yenye maji. Baridi ya huko inayafaa. Ua linalokua polepole kwenye baridi hutoa shina nene na petali ngumu, na mpambaji wa mjini hulijua akilishika tu.

Waliuza shina moja la krisanthemamu au karnesheni kwa shilingi 300. Wateja walikuwa wa aina tatu: wapambaji wa kumbi Mbeya mjini, makanisa kila Jumamosi kwa ajili ya madhabahu, na watengeneza mashada ya msiba. Bei hiyo haikupanda kwa misimu kadhaa, na kiangazi, ambapo kila mwenye maji ya mfereji anavuna, ilishuka hadi 200.

Shida kubwa zaidi ilikuwa rangi. Harusi na sendofu za siku hizi zina rangi za kamati. Kamati ikishapitisha bluu iliyokolea na dhahabu, basi kila kitu ni bluu na dhahabu: vitambaa vya viti, sare za wasimamizi, hata riboni ya keki. Maua ya asili ya bluu ile hayapo kwenye karnesheni wala krisanthemamu, kwa hiyo mpambaji anakimbilia maua ya plastiki. Mpambaji mmoja aliyekuwa akinunua kwa kikundi hiki kwa muda mrefu alimwambia mwenyekiti waziwazi: "Mama, maua yenu ni mazuri kuliko yote ninayopata, lakini nikipeleka meupe matupu kamati inaniuliza kama tumekuja kuzika."

Mwenyekiti alirudi na maneno hayo kwenye kikao, na kikao kikaamua kujaribu.

Jaribio la kwanza: rangi ya ukili

Walinunua rangi sokoni, ile ya unga inayouzwa kwa vipimo vidogo kwa ajili ya kutia ukili wa mikeka na vikapu. Ni rahisi, inapatikana, na inakoza maji papo hapo. Waliichemsha, wakaiacha ipoe, wakasimamisha karnesheni nyeupe kwenye ndoo usiku kucha. Asubuhi maji yalikuwa yamekolea bluu, vidole vyao vimekolea bluu, na maua meupe vilevile.

Hapo ndipo waliponiita. Nilimwomba mtunza daftari achukue wembe apasue shina moja kwa urefu. Robo ya chini, ile iliyokuwa ndani ya maji na kidogo juu yake, ilikuwa na michirizi ya bluu nzito, karibu nyeusi. Juu ya hapo hakukuwa na chochote. Rangi iliingia, ikapanda kiasi cha vidole vinne, ikaganda ukutani.

Sababu yake ni ya kikemia na inafaa kueleweka na kila anayetaka kufanya kazi hii. Shina lina mishipa myembamba inayopandisha maji kutoka chini. Majani na petali zinapopoteza maji kwa mvuke, maji ya chini huvutwa kujaza nafasi. Kilichoyeyuka ndani ya maji hayo hupanda pamoja nayo, isipokuwa kama kinanaswa njiani. Kuta za mishipa hiyo zina chaji hasi. Rangi zinazotumika kwenye nyuzi za mimea kama ukili mara nyingi ni za kundi lenye chaji chanya, na uzuri wake wote uko hapo, kwamba zinang'ang'ania ukuta wa mmea na hazitoki. Kwenye mkeka hiyo ni sifa njema. Kwenye ua lililo hai ina maana rangi inashikwa na shina kabla haijafika kwenye petali.

Rangi zenye chaji hasi hazishikwi namna hiyo, kwa hiyo hupita. Rangi nyingi za chakula ziko kundi hili, na wino mwekundu wa iosini unaotumika kwenye somo la baiolojia, pale mwanafunzi anapotumbukiza mmea kwenye maji mekundu na kuona majani yakipata mistari, uko kundi hilihili. Mmoja wa akina mama alikumbuka somo hilo papo hapo na akawaeleza wenzake vizuri kuliko nilivyokuwa nimeanza kueleza mimi.

Jaribio la pili: rangi za chakula, na mitego yake

Tulikubaliana wajaribu rangi za chakula. Hata hapo kulikuwa na mitego, na huu ndio upande wa kisa ninaouona una mafunzo mengi.

Kwanza walileta rangi ya keki ya jeli, ile ya kwenye kichupa cha kubinya. Ilikoza kidogo kwenye kingo za petali kisha maua yakaanza kulegea shingo. Jeli ina vitu vya kuifanya iwe nzito, na uzito huo unaziba mishipa. Rangi za kuchanganyia chokoleti ni mbaya zaidi kwa kazi hii kwa kuwa zimetengenezwa kwa ajili ya mafuta, hivyo kwenye maji hazitayeyuka bali zitaelea au kutuama kama vumbi.

Kisha wakaleta rangi ya unga ya njano, ile ya biriani. Njano ilipanda vizuri sana ndani ya saa chache, wakafurahi, lakini kesho yake majani yalikuwa yameungua kwenye ncha. Mama mmoja alichovya ncha ya kidole kwenye unga ule akaonja, akasema: "Hii ina chumvi." Ni kweli, baadhi ya rangi za unga zinazouzwa rejareja huongezwa chumvi ili zijae kipimo. Kwenye sufuria ya biriani haidhuru kitu. Kwenye ua lililokatwa chumvi inanyonya maji ya chembe hai na kuunguza ncha za majani. Tangu siku hiyo kuonja kukawa hatua ya kwanza kabla ya kununua rangi yoyote ya chakula, na muuzaji akikataa kuonjesha hawanunui kwake.

Rangi iliyofanya kazi ni ya unga ulio karibu safi, kutoka duka la vifaa vya kuokea mikate na keki. Ni ghali kuliko nyingine lakini kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji kinatosha kukoza bluu.

Utaratibu waliofikia ulikuwa hivi. Wanakata maua alfajiri, kisha wanayaacha bila maji kivulini saa mbili hadi tatu ili yawe na kiu, bila kufikia kulegea. Wanakata tena kama sentimita mbili za mwisho wa shina ndani ya beseni la maji, kwa kisu kikali na kwa mshazari, ili hewa isiingie kwenye mishipa, maana kiputo kimoja cha hewa kinazuia maji kama kizibo. Kisha ndoo ya maji ya vuguvugu yenye rangi, sukari kidogo na matone ya ndimu. Uchachu wa ndimu unasaidia maji kupanda. Majani ya chini yanapukutishwa, ya juu yanaachwa, kwa kuwa ndiyo yanayovuta.

Wanayatoa kabla rangi haijafika wanapotaka. Hili lilichukua muda kueleweka. Ndani ya shina kuna rangi iliyobaki njiani, na ukihamishia ua kwenye maji safi ile iliyo njiani inaendelea kupanda. Ua lililotolewa likiwa tayari limekolea linaishia kuwa zito na la kufubaa. Karnesheni wanaitoa inapokuwa na bluu ya anga, na asubuhi inakuwa imefika kwenye bluu ya kamati.

Jiki lilikuwa na kisa chake. Wanakikundi walikuwa wamezoea kutia matone ya jiki kwenye ndoo za maua meupe ili maji yasioze, na ni desturi nzuri. Siku moja binti wa mwenyekiti alitia kwenye ndoo ya rangi, tena kwa mkono mkubwa. Maji yalianza bluu na kumaliza kijivu, kwa sababu jiki linavunja rangi hizi kama linavyovunja doa kwenye shati. Sasa jiki linawekwa kwenye ndoo ya maji safi, kidogo sana, baada ya rangi kuisha kupanda.

Aina za maua zilijichuja zenyewe. Karnesheni ilikuwa bora kuliko zote. Krisanthemamu inachukua muda mrefu kwa sababu shina lake linakuwa gumu kama mti kadri linavyokomaa, na rangi inafika ikiwa na mabaka. Mayungiyungi yalitoa utelezi kwenye mkato, yakaziba, na yale yaliyonyonya yalipata mistari tu kufuata mishipa ya petali. Mama mmoja mwenye shamba la pareto aliuliza kama maua yake meupe yanaweza kutiwa rangi. Yanaweza, lakini ua la pareto linanunuliwa likiwa limekaushwa kwa ajili ya dawa ya kuua wadudu iliyomo kwenye kichwa chake, na kulikata mapema kwa ajili ya harusi ni kuuza mali mara moja kwa bei ya chini. Alikubali.

Baridi ya Juni

Mara ya kwanza walipopata oda halisi ilikuwa Juni, mwezi ambao Uporoto asubuhi nyasi zina sakitu. Waliweka ndoo kwenye chumba cha udongo walichokuwa wakihifadhia viazi. Hadi usiku wa manane rangi haikuwa imepanda hata nusu.

Hakuna aliyekosea kipimo. Ua linavuta maji kwa sababu linapoteza maji, na kwenye chumba chenye baridi na unyevu halipotezi. Masika huko ni hivyohivyo hata kukiwa na joto kiasi, kwa sababu ukungu unakaa hadi saa nne asubuhi. Walihamisha ndoo jikoni, mbali kidogo na moto, wakafungua dirisha la upande wa pili ili hewa ipite. Kufika alfajiri karnesheni zilikuwa tayari. Tangu hapo kazi ya rangi inafanyika kwenye chumba kilichopakana na jiko, mlango wazi, na moshi haufiki kwenye maua. Moshi wa kuni una gesi inayozeesha karnesheni haraka, kwa hiyo umbali ule una maana.

Harusi ya kwanza na kitambaa cheupe

Oda ile ilikuwa ya meza kuu kwenye ukumbi mmoja wa mjini. Maua yalifika mazuri. Mpambaji aliyapunguza urefu, akayachomeka kwenye sponji ya kupambia, akaipanga kwenye meza iliyofunikwa kitambaa cheupe. Saa chache baadaye, wakati wa chakula, chini ya kila pambo kulikuwa na duara la bluu. Sponji ilikuwa imejaa maji, na kila shina lililokatwa upya lilikuwa linarudisha rangi iliyobaki ndani yake.

Bibi harusi hakuguswa na rangi, lakini kitambaa kilikuwa cha kukodi na mwenye ukumbi alidai fidia. Mpambaji akampigia mwenyekiti usiku uleule.

Maamuzi, na kwa nini

Kikao kilikuwa kizito. Wengine walisema mpambaji ndiye aliyekata mashina upya, kwa hiyo mzigo ni wake. Mwenyekiti alisimama kwenye hoja moja: kikundi ndicho kilichojua kwamba ndani ya shina kuna rangi, na hakikumwambia. Waliamua kulipa nusu ya gharama ya kitambaa kutoka mfuko wa kikundi na kumwomba mpambaji alipe nusu. Alikubali, na akabaki mteja. Kwa maoni yangu uamuzi huu ndio uliookoa biashara yote, kwa sababu wapambaji wa mji mmoja wanajuana na habari inasambaa kwa simu kabla ya vyombo kuoshwa.

Walipitisha pia kwamba kila ua la rangi litakaa usiku mzima kwenye maji safi, yabadilishwe angalau mara moja, na lisitoke mpaka maji yabaki bila rangi yoyote. Mpambaji anaambiwa kwa mdomo na kwa ujumbe wa simu kwamba akikata shina, aliloweke tena kabla ya kulipeleka mezani, na kwamba shada la kushika mkononi lifungwe mwisho wa mashina kwa nailoni chini ya riboni.

Walipitisha kwamba rangi itatiwa kwenye daraja la kwanza peke yake. Kulikuwa na ushawishi wa kutia rangi maua yenye kasoro ili kuzificha. Walipojaribu, petali iliyochubuka ilinyonya zaidi ya nyingine na kasoro ikaonekana kwa bluu nzito kuliko ilivyokuwa ikiwa nyeupe.

Mwokaji keki mmoja aliomba karnesheni za bluu za kupanga juu ya keki, akisema rangi ni ya chakula hivyo hakuna shida. Kikundi kilikataa. Rangi inaweza kuwa ya chakula, lakini ua limepulizwa dawa za wadudu na ukungu ambazo hazikukusudiwa kwa kitu kinachogusa chakula. Alikasirika, na oda ile ikapotea.

Halafu maji machafu. Awali walimwaga ndoo kwenye mfereji, na jirani wa chini akaona maji ya bluu yakiingia kwenye kabichi zake. Alikuja juu, na alikuwa na haki ya kuja juu, maana kabichi zenye michirizi ya bluu hazina mnunuzi hata kama hazina sumu. Sasa wanachimba shimo mbali na mfereji, wanatumia maji ya rangi mara mbili au tatu kabla ya kuyamwaga, na rangi nyepesi ya mwisho inatumika kwa maua yanayotakiwa kuwa na bluu hafifu.

Wapendanao

Baada ya harusi kadhaa kwenda vizuri, kikundi kilipata ujasiri. Kabla ya tarehe 14 Februari walitia rangi nyekundu na rangi ya pinki sehemu kubwa ya mavuno bila oda, wakitegemea vijana wa vyuo vya mjini. Rangi ilipanda vibaya kwa sababu ya mvua, krisanthemamu zikatoka na mabaka, na vijana walitaka mawaridi. Zilizobaki walizipeleka kwa mtengeneza mashada ya msiba, aliyezitazama na kuzirudisha. Zote zilitupwa.

Matokeo

Daftari la msimu uliofuata linaonyesha hivi kwa kila mashina 100 ya karnesheni yaliyotiwa rangi kwa oda: kama 85 yanauzwa, kwa shilingi 650 kila moja, yaani 55,250. Rangi, sukari, ndimu na kuni za ziada ni karibu 6,000. Zinabaki 49,250. Mashina hayohayo yakiuzwa meupe kwa bei nzuri yangeleta 30,000. Nauli ni ileile, kwa kuwa safari ya mjini ipo vyovyote vile. Ziada ni 19,250, na ukiigawa kwa watu wawili wanaokesha nayo na kuamka alfajiri, kila mmoja anapata karibu 9,600.

Ni fedha ya maana kijijini, na inaingia wakati wa kiangazi ambapo bei ya maua meupe imeanguka. Haitoshi kubeba hasara kama ya Februari.

Kuna faida moja iliyokuja kwa mlango wa nyuma. Rangi ya ukili iliyoshindwa mwanzoni bado ilikuwepo, na mama mmoja aliichemsha na kuchovya humo masuke ya ngano yaliyokaushwa. Yalikolea na hayakutoa rangi tena hata yakiloweshwa. Kile kilichoizuia kupanda kwenye shina hai ndicho kinachoishikiza kwenye suke lililokufa. Masuke hayo hayaozi, hayahitaji maji, na wapambaji wanayanunua kujazia nafasi. Mwanakikundi mmoja alipendekeza wakachume nyasi za pori za Kitulo, maana ni nzuri mno. Nilipinga na wengine wakapinga. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, watu wanaiita Bustani ya Mungu, na kuchuma mimea humo ni kosa. Ngano na nyasi za mipakani mwa mashamba yao zinatosha.

Uchambuzi

Ufundi wenyewe ulitatulika kwa kutazama ndani ya shina. Kila kikwazo cha ufundi kwenye kisa hiki, rangi ya ukili, jeli, chumvi, baridi, kina jibu moja la msingi: je, maji yanapanda, na kilichomo kinapanda nayo? Kikundi kilipoacha kuongeza rangi kwenye ndoo na kuanza kupasua mashina kuangalia, maendeleo yakawa ya haraka. Ningependa kila anayejaribu aanze na mashina matano na wembe kabla hajanunua rangi ya ndoo nzima.

Upande wa biashara ndio mgumu zaidi, na hapo naona wengi watapotea. Ua jeupe lina wateja watatu: harusi, kanisa na msiba. Likikosa mmoja linakwenda kwa mwingine, tena siku hiyohiyo. Ukilitia bluu limebaki na mteja mmoja mwenye tarehe moja. Bei imepanda mara mbili lakini milango miwili imefungwa. Kwa hiyo rangi ina maana pale tu mteja ameshapatikana, amesema rangi gani na siku gani, na ametoa kianzio. Februari kikundi kilifunga milango yote kwa mkono wake kisha kikasubiri mtu abishe hodi.

Kianzio chenyewe walichelewa kukiweka. Waliona haya kumdai mpambaji waliyemzoea. Baada ya Februari waliweka nusu ya malipo kabla ya kukata ua, na hakuna mpambaji aliyeondoka kwa sababu hiyo, kwa kuwa na wao wanadai kianzio kwa kamati.

Uwazi kwa mnunuzi umelipa kuliko nilivyotarajia. Mpambaji anayejua kwamba shina linatoa rangi anapanga kazi yake kulingana na hilo. Wapo wauzaji mjini wanaosema maua yao ya bluu "yameota hivyo". Mteja akiona vidole vyake vimekolea, hamwamini tena hata kwa ua jeupe. Kikundi hiki kinamwambia kila mtu kwamba yametiwa rangi, na hakuna aliyepunguza bei kwa kusikia hivyo.

Kuhusu ubora, naona kikundi kilipaswa kuiacha krisanthemamu mapema zaidi. Waliing'ang'ania kwa sababu wanayo nyingi, na mabaka yake yalikula sehemu kubwa ya hasara kwenye daftari. Karnesheni peke yake ingeleta matokeo bora kwa kazi pungufu. Wapo waliosema krisanthemamu changa, iliyokatwa kabla shina halijawa gumu, ingefaa, na walipojaribu kiangazi ilikubali. Lakini changa inafunguka vibaya ukumbini, kwa hiyo unapata rangi na kupoteza umbo.

Jambo linalobishaniwa hadi leo kikundini ni oda za masika. Maua yanayoharibika kipindi hicho ni mengi, na anayekesha na ndoo anakesha muda mrefu zaidi. Mtunza daftari alitaka waongeze shilingi 200 kwa kila shina mvua zikianza. Mpambaji wao mkubwa amekubali nyongeza hiyo kwa karnesheni na kuikataa kwa krisanthemamu. Kikundi kimeacha kuitia rangi krisanthemamu kuanzia Januari mpaka mvua zikatike, na muda huo inauzwa nyeupe, makanisani na misibani, kwa shilingi 300.